Maandishi yako ya siri kwenye kompyuta: programu ipi uchukue, ipi ulipie, ipi uachane nayo

Nyumba nyingi za huku kwetu Unguja na Pemba zina laptopu moja na laptopu hiyo ni ya kila mtu, mtoto anafanyia kazi za skuli, baba anaangalia mpira, shangazi akija kutoka shamba anaonyeshwa picha za harusi, na humo humo ndimo mama alimoandika nani anamdai na yeye anamdai nani, namba za benki, na maneno mengine ambayo hakuyaandika ili yasomwe na mtu. Halafu watu wanaulizana jee kuna programu gani ya kufunga maandishi kwa paswedi, wakienda dukani wanajibiwa ipo, lete hela nikuekee, bila ya kuambiwa hiyo programu inafunga nini khasa na inamzuia nani.

Basi nimezipanga hapa kuanzia ile ninayoiamini zaidi mpaka zile ambazo ningekuomba usitoe hata shilingi kumi. Nakwambia mapema kwamba zile tatu za juu zote ni za bure kabisa (kwa ya tatu nakusudia LibreOffice, sio Word), kwa hivo kama ulikuwa unajikusanyia pesa ya kununulia programu, subiri kwanza usome, pengine pesa hiyo ukanunue fleshi mbili nzuri za kuekea bekapu.

Unamficha nani?

Hili ndo suala la mwanzo na watu wengi wanaliruka. Kama unamficha mdogo wako mwenye kupekuapekua, karibu kila kitu nitakachokitaja humu kitakufaa. Kama unamwogopa mwizi atakaekwapua begi bandarini wakati watu wanasukumana kushuka boti, hapo unataka kitu kilichosimbwa kwelikweli, sio kilichofichwa tu. Na kama laptopu yako inakwenda kwa fundi, hapo ndo penye mambo, na ndo hali ya wengi wetu, maana mashine nyingi huku ni za mtumba, betri ishachoka, chaja imeunguzwa na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, mwisho inabidi uipeleke Darajani au Mlandege, au kwa wa Pemba pale Chake Chake, ikalala dukani siku mbili tatu. Fundi anakuomba paswedi ya Windows na unampa, kwa sababu bila ya hiyo hawezi kujua kama kazi yake imefanikiwa. Mafundi wengi ni watu waaminifu na sina neno nao, lakini duka lina watu wanaoingia na kutoka na mashine yako iko wazi juu ya meza.

Sasa paswedi ya Windows yenyewe inazuia kidogo sana. Mtu akiwa na fleshi yenye Linux, yaani mfumo mwengine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, akaiwasha kompyuta yako kupitia fleshi hiyo, au akaichomoa diski akaichomeka kwenye kompyuta nyengine, mafaili yote anayasoma kama diski haikusimbwa, wala haimbidi kuijua paswedi yako. Kusimba ni kwamba maandishi yenyewe yanageuzwa yakawa vurugu la herufi lisilosomeka, na paswedi ndo inayoyarudisha. Ukieka paswedi ya Windows umefunga mlango wa mbele na sanduku umeliacha wazi ndani, ukisimba umelifunga sanduku lenyewe, hata likichukuliwa limefungwa.

Kwa hivo vipimo vyangu ni hivi: maandishi yabaki yamefungwa hata laptopu ikiwa imewashwa na iko mikononi mwa mtu mwengine, programu ifanye kazi bila ya intaneti, isimalize bando, na iwe ni programu ambayo msimbo wake, yaani maagizo iliyotengenezwa kwayo, uko wazi wataalamu wanaukagua, sio kitu kilichotengenezwa na mtu asiejulikana kikawa kinaahidi maajabu.

Namba moja: KeePassXC

Hii watu wanaijua kama ya kuhifadhia paswedi, lakini mie naipendekeza kwa maandishi ya siri ya kawaida, yaani yale mafupi mafupi ambayo ndo wengi wanayo: hesabu ya madeni, namba za akaunti, majibu ya vipimo vya hospitali, makubaliano ya kiwanja, maneno uliyoambiwa na mtu akataka yaishie kwako. Kila kumbukumbu unaifungulia ukurasa wake, unaipa jina, chini kuna sehemu ya kuandika upendavyo, na unaweza kuambatanisha hata picha ya hati. Vyote vinakaa ndani ya faili moja tu lenye herufi za mwisho kdbx, na faili hilo limesimbwa lote, majina ya kurasa pia hayaonekani. Hapo ndo inapozishinda programu nyengine ambazo zinafunga matini halafu kichwa cha habari kinabaki wazi, maana ukiandika kichwa "Deni la Bi mkubwa" na kila mtu anakiona, ushaitoa siri nusu.

Ni bure, ipo ya Windows, ya Mac na ya Linux, haitaki akaunti, haitaki intaneti. Ingia kwenye mipangilio uiambie ijifunge yenyewe usipoigusa kwa dakika kadhaa, hii ifanye siku ya kwanza usiiahirishe, kwa sababu nyumbani mtu huinuka mara moja kwenda kufungua mlango akarudi baada ya saa nzima. Jambo jengine zuri, ukikopi kitu kutoka humo yenyewe inakifuta kwenye ubao wa kukopia baada ya sekunde chache, na ukibadilisha ukurasa inabakisha matoleo ya nyuma, kwa hivo ukifuta mstari kwa bahati mbaya unaweza kuurudisha.

Ukitaka kusoma kwenye simu, faili hilo hilo linafunguka kwa KeePassDX kwenye Android na kwa Strongbox kwenye iPhone. Unaweza kulieka hata Google Drive bila ya wasiwasi mkubwa kwa sababu linapanda likiwa limeshafungwa, Google wanaona faili tu.

Upungufu wake ni kwamba sio pa kuandikia mambo marefu. Ukiwa unaandika utenzi, au shajara ya kurasa kwa kurasa, au ripoti yenye majedwali, utachoka, hakuna kukoleza herufi wala kupanga aya. Kwa hayo nenda namba mbili.

Namba mbili: VeraCrypt

VeraCrypt ilitoka 2013 pale Mounir Idrassi alipouchukua msimbo wa TrueCrypt, programu ya kusimba iliyokuwepo kabla yake, akauendeleza, na mwaka uliofuata, Mei 2014, TrueCrypt wenyewe wakatangaza kuacha. Inavofanya kazi ni hivi: unatengeneza faili moja, unaliambia ukubwa, tuseme megabaiti 500, unalipa paswedi, halafu ukilifungua kwenye VeraCrypt linatokea kama diski mpya kwenye kompyuta yako, lina herufi yake kama vile umechomeka fleshi. Humo unatia chochote, Word, Excel, picha, rekodi za sauti, PDF. Ukimaliza unalitoa, diski inapotea, linabaki faili ambalo hata ukilifungua kwa Notepad huoni kitu.

Kwa mtu mwenye kazi ya watu mikononi, khasa maalim mwenye matokeo ya wanafunzi, muuguzi, karani wa mirathi, katibu wa kikoba, hii ndo ya kuchukua. Inamwezesha kuandika na programu aliyoizoea, halafu vyote vikafungwa kwa pamoja. Na kwa suala la fundi ndo inakaa vizuri zaidi, unampa laptopu na paswedi ya Windows, anafanya kazi zake zote, na yale ya kwako yamo ndani ya faili ambalo hana paswedi yake.

Lakini ina masharti na tafadhali yasome vizuri. Ukubwa unaouchagua mwanzo hauongezeki wenyewe, ukijaa njia nyepesi ni kutengeneza jengine. Ukiwa unalieka kwenye fleshi ya kawaida iliyofomatiwa FAT32, faili haliwezi kuzidi gigabaiti 4, kwa hivo ama lifanye dogo ama uifomati fleshi iwe exFAT. Programu ya simu hawana, kwa hivo usitegemee kulifungua ukiwa njiani. Na lililo kubwa kuliko yote kwa huku kwetu ni umeme. Kama betri ya laptopu imekufa na unatumia kwa kuchomeka ukutani tu, umeme ukikatika wakati faili liko wazi na unasevu, unaweza kuyaharibu yaliyomo. Kwa hivo mwenye betri mbovu afungue, aandike, asevu, atoe, asiliache wazi kutwa, na awe na nakala nyengine ya faili zima kwenye fleshi ambayo haikai kwenye begi moja na laptopu.

Mtu ambae hajazoea kompyuta atahitaji kukaa na mtu amuelekeze mara ya kwanza, ndo maana nimeieka namba mbili. Kwa nguvu zake haina cha kuionea haya namba moja.

Namba tatu: LibreOffice, au Word kama unayo kihalali

Watu wengi hawajui kwamba programu ya kuandikia waliyonayo tayari inajua kufunga. Kwenye LibreOffice Writer ukisevu kwa mara ya kwanza, au ukichagua Save As, kwenye kile kidirisha kuna kisanduku kimeandikwa Save with password, kitie tiki, andika paswedi mara mbili, basi. Ukisevu kwa mfumo wake wenyewe wa ODT inasimba kwa AES ya biti 256, njia ya kusimba ambayo ni ile ile wanayotumia hao wakubwa. Kushusha LibreOffice ni zaidi ya megabaiti 300, kwa hivo shusha mahali penye waifai au kopi kutoka kwa mtu unaemuamini alieishusha kwenye tovuti yao.

Kwenye Word ingia File, halafu Info, halafu Protect Document, halafu Encrypt with Password. Nimeyaandika majina kama yalivo kwenye skrini makusudi kwa sababu hapo hapo pana vitu vyengine vinavofanana na hicho na havilindi kitu. Mark as Final ni kumwambia mtu tafadhali usibadilishe, anasoma kila kitu. Restrict Editing inazuia kuhariri, kusoma haizuii. Na kwenye Excel, makatibu wa vikoba mnisikilize, ile Protect Sheet haikusimba chochote, inazuia mtu asiguse seli kwa bahati mbaya, kuna njia nyingi za kuivua na hazihitaji utaalamu. Kwenye Excel pia nenda huko huko File, Info, ukachague Encrypt with Password.

Jengine la kuangalia ni mfumo wa faili. Ukisevu kwa ule mfumo wa zamani wa doc, wa enzi za Word 97 mpaka 2003, usimbaji wake ni dhaifu na leo unavunjwa kwa kompyuta ya kawaida. Sevu kwa docx. Kuanzia Office 2007 mambo yalibadilika wakaingia AES, na kuanzia 2013 yakaimarishwa zaidi.

Sasa kuhusu hizi Office zilizokrakiwa ambazo zimejaa kwenye laptopu zetu. Mie nasema wazi, mtu anaetaka kulinda siri zake hafai kuziandika ndani ya programu aliyoivunja mtu asiemjua, kwa sababu zile programu za kukraki mara nyingi zinakuja na virusi, na kuna virusi ambavyo kazi yao ni kurekodi kila unachokibonyeza kwenye kibodi. Hapo paswedi yako hata iwe ndefu vipi inasomwa unapoiandika. Usajili wa Microsoft 365 wa mtu mmoja bei yake Marekani ni dola 99.99 kwa mwaka, sio kila mtu anaweza, na haina haja kuilipia kwa ajili ya kufunga maandishi tu. LibreOffice inatosha.

Udhaifu wa namba tatu ni kwamba jina la faili linabaki wazi, na kila faili lina paswedi yake, mwisho mtu anatia ile ile kote au anazisahau. Kwa faili moja mawili ni sawa, kwa mafaili mengi rudi namba mbili.

Namba nne: zile za mtandaoni, Bitwarden na Standard Notes

Hizi ni za mtu anaetembea, leo yuko Wete, kesho Mjini, wiki ijayo Dar, simu na laptopu zote anazitumia na anataka aone kitu kimoja. Bitwarden toleo la bure linakupa kurasa za siri za kuandikia na unaweza kuitumia kwenye vifaa vyote ulivonavo, ila haikubali maandishi marefu sana kwenye ukurasa mmoja. Standard Notes imetengenezwa kwa ajili ya kuandika tu, toleo la bure ni maandishi ya kawaida bila ya mapambo, na tangu 2024 iko chini ya Proton, wale wa barua pepe wa Uswisi. Zote mbili maandishi yanasimbwa kwenye kifaa chako kabla hayajaondoka, kwa hivo kampuni yenyewe haiyasomi.

Kwa nini basi nimezieka nne? Kwa sababu nakala yako inakaa kwenye kompyuta za watu wengine, na siku kompyuta hizo zikiibiwa kinachokulinda ni paswedi yako tu. Disemba 2022 LastPass, kampuni ya kuhifadhi paswedi za watu mtandaoni, walitangaza kwamba wezi walikopi nakala za hazina za wateja wao. Paswedi na maandishi ya siri ya humo yalikuwa yamesimbwa, ndio, lakini mwizi akishakuwa na faili nyumbani kwake anajaribu paswedi usiku na mchana bila ya mtu kumzuia, na mwenye paswedi fupi ndo wa mwanzo kufunguliwa. Na kuna suala la bando, likimalizika wakati unataka kuingia kwenye kifaa kipya umekwama.

Ukitaka matoleo ya kulipia, mara nyingi wanataka kadi, hawachukui pesa ya simu moja kwa moja. Angalia tu kwamba malipo yanajirudia kila mwaka yenyewe, kwa hivo uwe unajua tarehe.

Nyengine kwa ufupi

7-Zip, programu ya kubana mafaili, ni nzuri, bure, haifiki hata megabaiti 2, inasimba kwa AES 256, na ukichagua mfumo wa 7z kuna kisanduku cha kuficha mpaka majina ya mafaili. Naipendekeza kwa kutuma au kuhifadhi kitu ambacho hukigusi tena. Kwa maandishi unayoyafungua kila siku sio, kwa sababu kila ukifungua faili inatoa nakala isiyofungwa kwenye folda la muda, na lile faili la asili ulilolifunga linabaki pale pale mpaka ulifute mwenyewe.

OneNote inafunga sehemu za daftari kwa paswedi, ni rahisi kuitumia, lakini majina ya sehemu yanaonekana na ukisahau paswedi Microsoft wenyewe wanasema hawawezi kukusaidia. Kwa kumzuia mdogo wako inatosha.

Mwenye Mac au iPhone anayo Notes ya Apple, inafunga ukurasa mmoja mmoja tangu 2016 na inasimba vizuri, ila mstari wa kwanza unabaki kama kichwa na unaonekana, kwa hivo mstari wa kwanza uandike kitu kisicho na maana.

Halafu kuna majina makubwa ya programu za kuandikia ambayo watu wanayadhania yanafunga. Joplin inasimba maandishi yanapopanda mtandaoni, lakini kwenye diski ya kompyuta yako yamo wazi. Obsidian ni mafaili ya kawaida tu, mtu anayafungua kwa Notepad. Evernote unaweza kusimba kipande cha maandishi ulichokichagua, sio ukurasa mzima, na tangu Disemba 2023 toleo la bure limebanwa kurasa 50. Ni programu nzuri kwa kazi nyengine, kwa hii hapana.

Kama unataka kutoa pesa kwelikweli

Pesa ikiwepo, mie ningeitoa kwenye moja ya vitu viwili.

Cha kwanza ni fleshi yenye vibonyezo vyake wenyewe, mfano Kingston IronKey Keypad 200. Unabonyeza namba ya siri juu ya fleshi ndo inafunguka, haitaki programu yoyote kwenye kompyuta, kwa hivo inafaa kwa anaefanya kazi kwenye kompyuta za ofisi ambazo haruhusiwi kuinstoli kitu. Mtu akikosea namba mara 10 mfululizo inajifuta. Bei yake inaizidi fleshi ya kawaida kwa mbali, na kwa maduka yetu utaagizia, usitegemee kuikuta kwenye kabati. Kumbuka inajifuta hata ukikosea weye mwenyewe, kwa hivo iwe na mwenzake.

Cha pili ni Windows Pro kwa ajili ya BitLocker, ambayo inasimba diski nzima. Hiyo ni dawa ya mwizi, laptopu ikizimwa hakuna anachokiona. Kwa fundi na kwa mdogo wako haisaidii, maana ukishaiwasha na kutia paswedi diski nzima iko wazi. Windows ya Home nayo kwenye mashine mpya huwa na kitu kama hicho kwa jina la Device Encryption, na Windows 11 toleo la 24H2 likiinstoliwa upya kwa akaunti ya Microsoft linaiwasha lenyewe bila ya kukuuliza.

Hapo wanunuzi wa laptopu za mtumba mtulie kidogo. Diski ikisimbwa hivo kuna ufunguo wa dharura wa tarakimu 48, na unahifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu alieingia. Fundi akibadilisha madabodi, pengine hata akiapdeti BIOS, ile programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, kompyuta inaweza kuuliza zile tarakimu. Kama akaunti ni ya yule aliekuuzia, au ni barua pepe ambayo kijana wa dukani alikufungulia akaondoka na paswedi yake, mafaili yako yamekwenda. Siku unayoinunua, hapo hapo, iriseti, ingia kwa akaunti yako mwenyewe, halafu zichapishe zile tarakimu kwenye karatasi. Na uliza kama mashine inakubali Windows 11, kwa sababu Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, na mashine isiyopata tena viraka vya usalama sio pa kuekea siri.

Usizitolee pesa

Zile programu za kufunga folda ambazo hazina jina linalojulikana, nyingi zinalificha folda tu, ukiitoa diski ukaichomeka kwengine folda liko pale. Ule ujanja wa faili la bat (faili la amri za Windows) unaozunguka, wa kuandika msimbo kwenye Notepad ukapata folda lenye paswedi, usiulipie na usiutumie, paswedi imeandikwa ndani ya faili lenyewe, mtu akibonyeza kulia akachagua Edit anaisoma. Kuficha folda kwa Hidden, kubadilisha jina la faili likawa kama la mfumo, kubadilisha rangi ya herufi ikawa nyeupe, hayo ni michezo ya watoto na watoto wenyewe washayajua.

Paswedi yenyewe

Programu yoyote kati ya hizo za juu itavunjika kwa paswedi ya jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Njia ninayoipenda ni kuchukua kamusi, kuifungua ovyo ovyo mara sita, kila mara unachukua neno unalolidondokea, unapata maneno sita yasiyohusiana, unayaandika kwa kuyafuata. Yanakumbukika kuliko mchanganyiko wa alama, na ni marefu. Yasiwe methali, yasiwe aya wala dua, yasiwe mstari wa taarab, maana vyote hivyo vinajulikana na watu na vinaweza kujaribiwa.

Ukishayafunga maandishi, yafute yale ya zamani yaliyokuwa wazi, na ujue kwamba kuyatupa kwenye Recycle Bin na hata kuimwaga hakutoshi, kwenye diski za zamani zile za kuzunguka kuna programu za bure zinayarudisha. Fleshi uliyokuwa ukiipeleka steshenari kuchapisha nayo iangalie, huko ndo mafaili yanakobaki mengi. Na ukichapisha kitu steshenari, usikubali kukituma kwa WhatsApp kwenye kompyuta yao kama ni siri, kitabaki kwenye Downloads zao.

Ukifa nani atafungua?

Hili sijaliona likizungumzwa na kwa sisi ni zito. Deni la maiti linalipwa kwanza ndo mirathi inagawiwa. Kama madeni yako yote, unayodai na unayodaiwa, yamo ndani ya faili la kdbx na paswedi ulikuwa nayo kichwani peke yako, warithi watafanya nini? Programu hizi hazina mlango wa nyuma, hakuna kampuni ya kuiandikia barua, hakuna fundi wa Mlandege wala wa Nairobi atakaelifungua. Deni la watu litabaki na haki za wanao zitapotea.

Kwa hivo tenganisha. Yale ya madeni, amana za watu na wasia yaeke kwenye faili lake peke yake, lenye paswedi yake, sio pamoja na shajara yako. Paswedi ya faili hilo iandike kwa kalamu kwenye karatasi, pamoja na jina la programu na mahali faili lilipo, tia ndani ya bahasha, gundisha, saini juu ya gundi, mpe mtu unaemuamini ambae haishi nyumba moja na laptopu, kaka, khalati, au yule unaemuachia wasia wako. Mwambie ni ya nini na lini aifungue. Na ukibadilisha paswedi, nenda siku hiyo hiyo ukaibadilishe na bahasha.